Mji wa jua na daftari la mwandishi: namna ya kutoka, kutazama na kurudi na kitu

Waandishi wengi wanaoishi kwenye miji ya jua kali hutoka nyumbani saa mbaya. Asubuhi yote wamejifungia na karatasi, ikifika saa sita akili imegoma, ndipo wanapoingia barabarani kutafuta la kuandika. Saa hiyo jua limesimama utosini na limefuta vivuli vinavyoyapa majengo sura. Watu wamejificha ndani, na mwandishi mwenyewe baada ya robo saa hawazi tena ila maji. Anarudi na daftari jeupe, anausingizia mji kuwa hauna jipya.

Tunachopendekeza hapa ni kuipanga siku kwa kulifuata jua: barabara mapema, meza ya kazi baadaye, mchana jumba lenye ubaridi na mwanga hafifu, na jioni nje tena au ukumbini. Siku ya namna hiyo tunaiita raha kwa sababu ni raha kweli, na mwandishi anaihitaji. Asiyetoka huishia kuandika kutokana na vitabu vya wenzake, na msomaji huligundua hilo upesi.

Jua ndilo ratiba

Miale ya urujuanimno huwa mikali kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Programu nyingi za hali ya hewa huonyesha kipimo chake kwa herufi UV: kikifika 3 na kuendelea, jikinge, kikifika 8 na kuendelea, punguza kabisa muda wa kukaa nje mchana. Huna simu? Tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua liko juu na miale ni mikali.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama kuandika kutangulie matembezi au matembezi yatangulie kuandika. Katika nchi za baridi lolote linafaa. Kwenye mji wa jua tunashauri utangulize matembezi, tena bila kusita. Meza itakusubiri hadi saa tatu, lakini hewa ya saa kumi na mbili na nusu haisubiri. Dakika 40 zinatosha. Ukizidisha saa moja na nusu, unarudi umechoka na kazi ya mezani inaharibika.

Jifunze pia kusoma kivuli, maana ndicho kiti chako. Asubuhi kivuli cha jengo huangukia upande wa magharibi, alasiri upande wa mashariki. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo benchi lililo kivulini unapoketi linaweza kuwa juani kabla hujamaliza ukurasa wa pili. Dawa yake ni rahisi: kwa kuwa jua linaelekea magharibi, kivuli kinaelekea mashariki. Keti kwenye ukingo wa mashariki wa kivuli, nacho kitakufuata. Ukiketi ukingo wa magharibi, kitakuacha. Karibu na ikweta, wakati wa adhuhuri kivuli cha ukuta huwa kifupi mno na kinachobaki ni mti wenye matawi mapana.

Ukilazimika kuandika juani, lipe jua mgongo ili kivuli cha mwili wako kianguke juu ya karatasi. Karatasi nyeupe pe juani huumiza macho. Yenye rangi ya maziwa ni bora zaidi. Anayeandika kwa mkono wa kulia apende mwanga utoke kushoto, na wa kushoto kinyume chake, vinginevyo kivuli cha mkono kinatangulia maneno.

Mkoba

Usibebe vingi. Kofia yenye ukingo mpana, miwani ya jua, maji lita moja kwa asubuhi nzima, losheni ya kujikinga na jua yenye kipimo cha 30 au zaidi, mtandio au shati la mikono mirefu kwa ajili ya kumbi zenye kiyoyozi, daftari la kuingia mfukoni, na penseli mbili. Losheni ipakwe angalau robo saa kabla ya kutoka, irudiwe kila baada ya saa mbili, kisha ufute viganja vizuri. Mafuta yake yakigusa karatasi, wino haushiki tena mahali pale.

Tunasisitiza penseli. Wino wa maji husambaa ukiguswa na jasho. Kalamu ya kujaza wino ikiachwa na wino nusu, hewa iliyo ndani hutanuka kwa joto na kuusukuma wino nje. Ibebe ikiwa imejaa au tupu, ncha ikitazama juu. Kalamu za wino unaofutika kwa kusugua ndizo za kuogopwa kuliko zote: wino huo hufutwa na joto, na ukifika kama nyuzi 60 hupotea wote. Daftari lililoachwa ndani ya gari lililofungwa juani linaweza kurudi jeupe. Likikutokea, liweke kwenye friza, maana baridi kali huyarudisha maandishi mengi. Penseli haina matatizo hayo. Risasi yake haichujuki kwa jua, haivuji, na utaona mbele kwamba ndiyo inayoruhusiwa kwenye majumba mengi. HB inatosha, 2B ni laini zaidi lakini huchafua ukurasa wa pili.

Simu ibaki mkobani. Watengenezaji wengi huweka nyuzi 35 za joto la hewa kuwa kikomo cha kuitumia, na ikiachwa juani mezani hupunguza mwanga wa kioo, kisha hujizima. Tena miwani ya jua ya aina ya polaroidi hukifanya kioo cha simu kionekane cheusi ukikishika kwa pembe fulani. Simu haijaharibika, igeuze tu upande.

Njia moja, mara nyingi

Kwa matembezi ya asubuhi, chagua njia moja na uirudie siku zilezile kila wiki kwa miezi kadhaa. Mgeni huona majengo. Anayerudi huona mabadiliko, na mabadiliko ndiyo chanzo cha hadithi: mlango uliokuwa wazi sasa umefungwa, kiti kimeongezeka barazani, mtu aliyekuwa akisalimia ameacha. Ukitafuta njia mpya kila siku unapata mandhari tu.

Tembea bila vipokea sauti masikioni. Usiandike ukiwa unatembea. Simama, andika mistari mitano, endelea. Ukurasa wa matembezi unaweza kuwa hivi:

*Jumanne, saa moja kasoro robo. Kituo cha basi. Mama, bahasha ya kaki, anajipepea nayo. Basi likifika anaibana kwapani mpaka liondoke. Mlinzi: "Leo tena?" Mama: "Leo mwisho."*

Hapo hapana neno "huzuni" wala "wasiwasi". Pana siku, saa, mahali, kitu kimoja kinachoshikika, tendo linalojirudia, na maneno ya watu yalivyotamkwa. Ukiandika "mama mwenye wasiwasi kituoni", baada ya mwezi hutakumbuka bahasha, na bila bahasha huna kitu. Hukumu ya hisia iache kwa ajili ya mezani.

Maneno ya kusikia kwa bahati yana utaratibu wake. Chukua sentensi moja au mbili, si mazungumzo yote. Weka mstari mfupi mahali msemaji alipokatiza. Andika mikono yake ilikuwa inafanya nini. Usirekodi watu bila ridhaa yao wala kuwapiga picha kwa siri. Pamoja na kuwa ni utovu wa adabu, rekodi ya saa nzima hakuna anayerudi kuisikiliza. Na habari ya mtu halisi ikiingia kwenye kazi yako, badilisha jina, kazi na mtaa mpaka yeye mwenyewe asijitambue.

Mchana: jumba la makumbusho

Hapa ndipo mji wa jua unapompa mwandishi zawadi yake kubwa. Saa sita hadi saa tisa, wakati nje hapakaliki, majumba ya makumbusho na nyumba za sanaa zina ubaridi, ukimya na nafasi. Hakikisha kwanza siku na saa: mengi hufungwa Jumatatu, na mengi huacha kupokea wageni nusu saa au zaidi kabla ya kufunga. Uliza pia kuhusu siku ya kuingia bure. Mei 18 ni Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, inayoadhimishwa tangu 1977, na majumba mengi hufungua milango bila malipo.

Ukiingia, usikimbilie vyumba vya ndani. Jua la mchana lina mwanga wa takriban luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), wakati michoro ya karatasi, rangi za maji na vitambaa vya kale huwekewa luksi kama 50 tu, yaani mara elfu mbili chini ya ule wa nje. Sababu ni kwamba madhara ya mwanga hujumlika mwaka hadi mwaka, na rangi iliyochujuka hairudi. Michoro ya rangi za mafuta huvumilia zaidi, kama luksi 200. Macho yaliyotoka juani huhitaji dakika tano hadi kumi kupata nafuu ya kwanza, na nusu saa hivi kuzoea giza sawasawa. Anayeingia moja kwa moja kwenye chumba cha michoro ya karatasi huona vivuli vya kahawia, akatoka akisema maonyesho hayana uhai. Vaa miwani ya jua mpaka mlangoni, ivue ndani, kaa ukumbini dakika kumi ukinywa maji na kusoma ramani. Anza na sanamu au rangi za mafuta, michoro ya karatasi iwe ya mwisho.

Jambo la pili ni uchovu. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, aliyekuwa katibu wa jumba la makumbusho ya sanaa la Boston, aliandika makala kuhusu uchovu wa makumbusho, akaambatanisha picha za mtu akijikunja, akiinama na kuchuchumaa ili aone vitu vilivyowekwa vibaya na kusoma maelezo yake. Zaidi ya miaka mia imepita na miguu yetu ni ileile. Saa moja na nusu ndiyo kikomo cha kutazama kwa makini. Baada ya hapo unapita tu. Nenda mara nyingi kwa muda mfupi. Kama jumba linauza tiketi ya mwaka, piga hesabu: mara nyingi ukiingia mara tatu au nne imejilipa, na ukishakuwa nayo hutajilazimisha kumaliza vyumba vyote kwa siku moja.

Katika utafiti uliochapishwa 2001, Jeffrey Smith na Lisa Smith waliwapima watazamaji katika Metropolitan Museum of Art ya New York. Wastani wa kutazama mchoro mmoja ulikuwa sekunde 27, na nusu ya mitazamo yote haikuzidi sekunde 17. Mwandishi afanye kinyume: kitu kimoja, dakika ishirini. Vingine vipite kwa furaha bila daftari.

Dakika tano za kwanza usisome kibao cha maelezo. Ukishasoma jina la mchoro, macho huanza kutafuta lililosemwa na kuacha mengine yote. Andika nomino tu: meza, kisu, kitambaa, mlango nusu wazi. Halafu jiulize mwanga unatoka wapi, na kama vivuli vyote vinakubaliana. Tazama mikono kabla ya nyuso, maana msanii hupambana na mikono zaidi na hapo huonekana alichosisitiza. Fuata kingo za mchoro: nani amekatwa nusu, nini kimeachwa nje? Sogea karibu kadiri mlinzi anavyoruhusu uone msukumo wa brashi, kisha rudi nyuma hatua kumi. Sasa soma kibao, na urudie kutazama. Mwisho andika sentensi tatu kamili, za masimulizi na si za sifa. Neno "zuri" lisiwemo.

Picha ya simu, kama inaruhusiwa, ipigwe mwishoni, bila flashi. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Linda Henkel yaliyochapishwa 2014, waliopiga picha ya kitu kizima kwenye makumbusho walikikumbuka vibaya kuliko waliokitazama tu. Waliopiga picha kwa kuvuta karibu sehemu moja ya kitu hawakupoteza kumbukumbu hivyo. Ukipiga, basi piga kipande: kidole, ukingo wa nguo, ufa wa rangi.

Kuhusu penseli: majumba mengi na vyumba vya kusomea nyaraka hukataza kalamu za wino kwa sababu doa lake halitoki. Mkoba mkubwa utaombwa uuache kwenye kabati la mlangoni, kwa hiyo daftari liwe mfukoni.

Vitabu vilivyotumika

Meza za vitabu vya mitumba ni raha ya alasiri, jua likianza kulegea. Kitabu kilichokaa juani huwa na mgongo uliochujuka na gundi iliyokauka. Kifungue katikati polepole. Kikilia na kurasa zikaachana, kitakufia mikononi. Pitisha kidole mgongoni mwa kurasa uone kama kuna zilizochanwa, hasa za mwisho. Kinuse: harufu ya ukungu haitoki, na ukikiweka kabatini kitaambukiza majirani. Ukikuta matundu madogo na vumbi laini, wadudu wamo. Kama unakitaka kwa vyovyote, kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ukiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja, kisha kiache kirudi kwenye joto la kawaida bila kufungua mfuko, kwa muda wa siku nzima, ili matone ya maji yasijikusanye kwenye kurasa.

Jioni

Karibu na ikweta jua likishazama giza huingia haraka, ndani ya dakika ishirini na kitu. Miji iliyo mbali na ikweta huwa na machweo marefu zaidi. Kwa vyovyote, saa moja kabla ya jua kuzama ndiyo saa nzuri kuliko zote ya kuketi nje: mwanga unakuja kwa ubavu, nyuso zinaonekana, na watu wametoka. Kaa bila daftari angalau siku moja kwa wiki. Raha isiyoandikwa nayo ina kazi yake.

Kwa mchezo wa kuigiza, safu ya nne hadi ya nane hukupa nyuso na pumzi za waigizaji. Ghorofani unaona mwendo wa jukwaa zima. Ukiweza, tazama mchezo mmoja mara mbili, mara moja chini na mara moja juu. Siku za mwanzo kabla ya uzinduzi rasmi mara nyingi tiketi huwa nafuu, na kwa mwandishi ndizo zenye faida zaidi, maana bado unaona mahali ambapo maneno yanakwama na mwongozaji hajayaficha. Kiyoyozi cha kumbi ni kikali baada ya siku ya joto; hapo ndipo mtandio unapokomboa.

Usiwashe simu ili uandike. Kama sentensi imekuchoma na huwezi kuisubirisha, andika gizani bila kutazama: herufi kubwa, sentensi moja kwa ukurasa, kidole gumba kikishikilia mahali mstari unapoanzia. Mengine yasubiri mapumziko. Sikiliza zaidi jinsi mazungumzo yanavyokatwa: katika mchezo mzuri ni nadra mtu kujibu swali aliloulizwa. Anajibu lingine, na hapo ndipo tamthilia inapokaa.

Kwenye muziki, kaa mbali na spika na uwe na vizibo vya masikio vya sifongo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba sauti katika kumbi isizidi wastani wa desibeli 100, na kumbi nyingi hazipimi. Masikio yakivuma baada ya onyesho, yameumia.

Tarehe nne nyingine za kuwinda matukio, mengi yakiwa ya bure: Machi 21, Siku ya Ushairi Duniani, Machi 27, Siku ya Ukumbi wa Michezo Duniani, iliyoanza kuadhimishwa 1962, Aprili 23, Siku ya Vitabu, na Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO 2021. Fuatilia wiki mbili kabla, kwa sababu viti vya bure hujaa kwanza.

Usiku huohuo

Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya faida ya kujifunza ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Ulichokiona kina maana zaidi kuliko silabi, lakini mteremko wa kusahau ni wa aina ileile. Kwa hiyo nusu saa ya kuhamisha maandishi ifanyike kabla ya kulala, hata kama umechoka.

Tumia daftari kubwa. Ukurasa wa kulia andika ulichokiona na kusikia, ukijaza mapengo ambayo bado unayakumbuka: rangi, harufu, nani alisimama wapi. Wa kushoto acha mtupu. Huo ni wa mawazo, na utajazwa baada ya siku au miezi. Wanaochanganya yote mawili upande mmoja hupata taabu baadaye kujua kipi walikiona na kipi walikitunga.

Tiketi usizitegemee. Nyingi huchapwa kwa joto kwenye karatasi maalum bila wino, kwa hiyo ndani ya mkoba ulioachwa juani huweza kuwa nyeusi, na zikikaa kwenye mwanga huchujuka hadi zisisomeke. Usizipitishe kwenye mashine ya kufunika plastiki, joto lake litazifanya nyeusi papo hapo. Nakili kwa penseli jina la onyesho, tarehe, ukumbi na namba ya kiti, kisha tupa tiketi.

Mwisho wa wiki soma kurasa zote za kulia kwa mkupuo mmoja, ukiweka alama kwenye tatu tu zinazokung'ang'ania. Hizo tatu ziandikie aya moja moja. Nyingine zipe namba za kurasa, na nyuma ya daftari tengeneza faharasa fupi: watu, mahali, maneno waliyosema, mwanga. Daftari likijaa, liandike tarehe mgongoni na ulihifadhi kwenye kabati kavu mbali na dirisha. Kama mji wako una unyevu wa bahari, liache wima na nafasi ya hewa pande zote, wala usilifunge kwenye plastiki.